Chumba Kipo, Ila Si Cha Mtu wa Kwenu!

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa Kilakala, Manispaa ya Morogoro. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ili na wewe ambaye hukuwapo upate kuyasoma na kuwapasia wenzako kijiweni.



Nakuuliza wewe uliyeshuka Msamvu na begi moja mgongoni. Siku ile ulipoanza kutafuta chumba katika mji huu, uliulizwa nini kwanza? Uliulizwa kama unayo kodi? Wapi! Uliulizwa jina. Ulipotaja jina ukaulizwa kabila. Ulipotaja kabila ukaulizwa unaswali wapi. Ulipojibu hilo ukaulizwa kama umeoa. Na ulipomaliza mtihani huo wote, chumba ambacho asubuhi kilikuwa wazi kikawa "kimeshapata mtu."

Mimi nimeufanya mtihani huo, nikafeli. Natoka Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Dalali alinipeleka kwenye nyumba moja hapa hapa Kilakala, upande wa mlimani. Chumba kimoja, Sh 40,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi. Nilikuwa nazo Sh 240,000 za kodi na Sh 40,000 za dalali, jumla Sh 280,000, fedha niliyoikusanya kwa kuuza mitumba juani. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akanipa na kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatokea wapi?"

"Kigoma, mama. Kasulu."

Akanyamaza. Kisha akamtazama dalali, si mimi. "Huyu si Mrundi huyu?"

Nikatoa kitambulisho changu cha taifa. Akakigeuzageuza, akanirudishia. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mimi ni mjane. Uhamiaji wakija kugonga hapa usiku, nitawajibu nini?"

Dalali akanitoa nje, akanishika bega. "Kaka, nyumba zipo nyingi. Ila huko mbele ukiulizwa, sema unatoka Tabora."

Hapo ndipo nataka tuanzie, ndugu yangu. Mtanzania, ndani ya Tanzania, mwenye kitambulisho mkononi na fedha mfukoni, anashauriwa akane kwao ili apate mahali pa kulala! Hili si jambo la kucheka kijiweni halafu tukalisahau.

Na usidhani ni Waha peke yao. Mwingine anaambiwa "hapa hatupangishi mabachela." Mwingine anaambiwa nyumba hii ni ya watu wa dini fulani. Mwingine ana mke na watoto watatu, anaambiwa watoto watachafua ukuta. Mmasai anayelinda maduka ya watu usiku kucha anaonekana mlinzi mzuri, lakini mpangaji mbaya. Na yuko ndugu yetu kutoka Kongo au Burundi, mwenye kibali chake halali, ambaye akikubaliwa hutajiwa kodi kubwa kuliko ya jirani yake wa ukuta mmoja. Anajua anaibiwa, lakini anyanyue mdomo amwambie nani?

MJI HUU UMEJENGWA NA WAGENI

Kabla ya kwenda kwenye sheria, tukumbushane mji huu ni wa nani.

Milima ya Uluguru ni ya Waluguru, hilo halina ubishi. Ni watu wanaofuata ukoo wa mama, na ardhi yao ya mlimani inakwenda kwa ukoo huo. Lakini mji uliokua hapa chini umejengwa na kila kabila. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakaleta manamba kutoka Songea, kutoka Kigoma, mpaka kutoka Rwanda na Burundi za wakati wa wakoloni. Baadaye vikaja viwanda, vikaja vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine kimekuwa hapa tangu 1984, Mzumbe ipo hapo nje ya mji, na kila mwaka vijana kutoka mikoa yote wanashuka Msamvu kutafuta vyumba. Shule ya wasichana ya Kilakala nayo imesomesha mabinti wa kila pembe ya nchi.

Na hao ni wenyeji wa nchi. Je, wageni wa kutoka nje? Mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa mji huu huu, na historia inauita Mkutano wa Morogoro. Mwaka 1977 serikali yetu ikawapa ANC eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Walikaa Mazimbu, wakakaa Dakawa. Wengine walizikwa hapa. Mwaka 1992 wakaikabidhi Mazimbu kwa nchi yetu, leo ni kampasi ya Sokoine.

Watu hao hawakuwa raia. Hawakuwa na kabila la hapa. Mji huu uliwapa pa kulala. Itakuwaje leo mtoto wa Kasulu akose chumba Kilakala? Shika neno hilo la Afrika Kusini, tutalirudia.

KATIBA INASEMA HIVI

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapigwa chenga.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haikuwa na sura ya haki za binadamu mwanzoni. Sura hiyo iliingizwa mwaka 1984. Na ujue nchi ilikuwa katika hali gani: mwaka mmoja tu nyuma, 1983, ilipitishwa sheria ya nguvukazi, vijana wasio na kazi rasmi wakawa wanakamatwa mijini na kupelekwa vijijini kama magunia. Waulize wazee, watakusimulia.

Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kwenda popote na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Haikusema aishi alikozaliwa. Imesema popote, na Kilakala imo.

Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na inaeleza kubagua ni nini: ni kumfanya mtu aonekane duni kwa sababu ya utaifa wake, kabila lake, mahali alikotoka, maoni yake ya siasa, rangi, dini, jinsia au hali yake ya maisha. Angalia orodha hiyo. Ni ule ule mtihani unaofanyishwa pale kibarazani na mwenye nyumba!

Tena angalia neno moja dogo. Ibara ya 17 inasema "raia." Ibara ya 13 inasema "mtu." Kwa hiyo Mkongo mwenye kibali, ingawa si raia, naye ni mtu mbele ya Ibara ya 13. Ibara ya 16 nayo inalinda faragha na maskani ya kila mtu. Mgeni haruhusiwi kupewa ardhi nchini ila kwa ajili ya uwekezaji, hiyo ni Sheria ya Ardhi. Lakini kupanga chumba na kulala si kumiliki ardhi.

Hapo utapiga makofi useme basi tumeshinda. Subiri kwanza.

SHIMO LILIPO

Ukisoma Ibara ya 13 kifungu kidogo cha 4 kwa utulivu, utaona inamkataza nani. Inamkataza mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria, au inayofanya kazi ya mamlaka ya nchi. Maana yake, inawashika serikali, halmashauri na mashirika ya umma. Mama mwenye nyumba wa vyumba sita pale mlimani hatekelezi madaraka ya nchi. Anapangisha vyumba vyake. Mwanasheria wake atasimama aseme hivyo, na utapata kazi kubwa kumjibu.

Hilo ndilo shimo, ndugu yangu. Katiba imemkataza mwenyekiti wa mtaa kukubagua, lakini haikumkataza waziwazi mwenye nyumba. Na wewe unalala kwa mwenye nyumba, hulali kwa mwenyekiti!

Hata hivyo usidharau ulichonacho. Ukiomba nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa, au ya halmashauri, wale ni umma, Ibara ya 13 inawagusa moja kwa moja. Na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akikunyima barua ya utambulisho kwa sababu ya kabila lako, au kwa sababu amekuona na fulana ya chama asichokipenda, huyo anatumia madaraka ya nchi. Huyo Katiba inamshika. Mwambie hivyo kwa adabu, na umwombe aandike sababu yake kwenye karatasi. Mtu anayeonea huwa hapendi kuandika.

TULIKUWA NA SHERIA, IKAFUTWA

Vijana wengi hamjui kwamba nchi hii iliwahi kuwa na sheria ya kumlinda mpangaji.

Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 serikali ikachukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye naye aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Na mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria ile iliweka utaratibu wa kodi ya haki, ikaweka mabaraza ya nyumba, na ikasema mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri, tena kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria yenyewe.

Sikwambii kwamba ilikuwa dawa ya kila kitu. Ilikuwa na matatizo yake. Wapo waliokaa katika nyumba za watu kwa kodi ya senti, mwenye nyumba akashindwa hata kununua bati. Lakini badala ya kuirekebisha, mwaka 2005 ilifutwa. Vigogo walisema soko la nyumba liachiwe huru. Haya, likaachiwa huru. Na wewe je, uliachiwa nini?

Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ina sura ya upangaji, na nitakueleza inakusaidia wapi. Lakini sheria hiyo inaanza kukutazama ukishakuwa mpangaji. Pale mlangoni, unapoulizwa kabila, haina neno la kumwambia mwenye nyumba. Wala haikuweka kikomo cha miezi mingapi unaweza kudaiwa kwa mkupuo.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Usikubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Tutembee kidogo.

Kenya wana Katiba ya mwaka 2010. Ibara yake ya 27 kwanza inaikataza serikali kubagua. Halafu inaongeza kifungu kingine kinachosema mtu naye asimbague mtu mwingine kwa sababu hizo hizo: asili, dini, lugha, mavazi na kadhalika. Kwa maneno machache tu wameziba shimo ambalo kwetu lipo wazi.

Uganda mwaka 2022 walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji. Mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama, na kupandisha kodi kumewekewa kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka.

Uingereza, miaka ya hamsini na sitini, wahamiaji kutoka Karibi walikuta vyumba vina vibao vya kuwakataa watu weusi. Sheria yao ya kwanza ya kuzuia ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, haikugusa nyumba. Watu wakaendelea kupiga kelele, na mwaka 1968 ikatungwa nyingine iliyogusa nyumba. Mwaka huo huo Marekani nayo ikapitisha sheria ya nyumba ya kukataza kumnyima mtu chumba kwa rangi, dini au taifa alikotoka. Na mwaka 2017 jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: mwenye nyumba asimtishe mpangaji kwamba atamshitaki kwa watu wa Uhamiaji.

Sasa turudi kwa wageni wetu wa Mazimbu. Walirudi kwao, wakashika nchi mwaka 1994. Mwaka 1999, mwaka ule ule tuliotunga Sheria yetu ya Ardhi, wao walitunga sheria ya nyumba za kupangisha. Kifungu cha 4 kinamkataza mwenye nyumba kumbagua mtu anayetafuta chumba, tangu kwenye tangazo, kwenye mazungumzo ya kupanga, mpaka wakati wa mkataba wenyewe. Haijalishi rangi, kabila, dini, lugha wala ndoa. Wakaweka na mabaraza ya kusikiliza kesi hizo bila gharama za mahakama. Sisemi kwamba Afrika Kusini wageni hawaonewi. Tumeona wageni wakipigwa na kuchomewa maduka mwaka 2008 na baada yake. Lakini anayekataliwa chumba kule anayo sheria ya kuishika mkononi.

Watu tuliowapa pa kulala wamekwenda kwao wakaandika sheria ambayo sisi tuliowapokea hatuna! Unalionaje hilo?

UKISHAINGIA NDANI, USILALE

Basi tuseme umepata chumba. Hapo sheria ipo, tena si haba. Shika mambo haya.

Kwanza, upangaji wa mwaka mmoja au pungufu waweza kuwa wa mdomo au wa maandishi, na sheria inautambua. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba huna haki kwa kuwa hukuandikishiana. Lakini mdomo ni upepo. Andika. Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, maana karatasi isiyo na stempu inaweza kukataliwa mbele ya sheria.

Pili, kama hamkupatana muda na unalipa mwezi kwa mwezi, notisi ya kukutoa isipungue mwezi. Si "kesho asubuhi nisikukute." Na kama umelipa miezi sita, hiyo ni miezi sita yako. Ukitolewa baada ya miezi miwili, fedha ya miezi minne ni deni. Kwa chumba cha Sh 40,000 hiyo ni Sh 160,000. Dai!

Tatu, mwenye nyumba anatakiwa kukuacha ukae kwa amani. Chumba kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu. Paa, kuta kubwa na njia za pamoja ni kazi yake kuzitunza. Mvua za Uluguru unazijua. Bati likivuja juu ya godoro lako, huombi hisani.

Nne, kukung'olea mlango, kukutupia vyombo nje au kukuharibia mali si utaratibu wa kukutoa. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Piga picha, ita majirani wawili, nenda polisi, chukua namba ya taarifa.

Tano, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Weka risiti, mwombe akupunguzie kwenye kodi ya chumba. Zungumza naye mapema, si siku ya ugomvi.

Ukigombana naye, njia ni hii. Unaanza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na limepewa siku 30. Likishindwa, unapewa hati ya kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, nayo unakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo Morogoro. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii pale manispaa.

MWENYE NYUMBA NAYE ASIKILIZWE

Nisije nikaonekana nimekuja hapa kuwatukana mama zetu.

Yule mama alinionea, lakini hakuwa mwongo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 kweli inamhesabu anayemhifadhi mhamiaji haramu kuwa ni mkosaji. Yeye vyumba vile ndiyo pensheni yake, ndiyo shamba lake. Hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza kwamba mtu akimwonyesha kitambulisho cha taifa au kibali halali, akachukua nakala, akamwandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, hapo hajamficha mtu. Sheria imemtisha, halafu haikumfundisha. Basi naye akaona njia rahisi ni kuogopa mkoa mzima.

Na zipo sababu za haki za kumkataa mtu. Hana kodi. Aliharibu alikotoka. Anataka kufungua karakana ya kuchomelea vyuma chumbani. Hayo mwenye nyumba anayo haki kuyauliza, na wewe huna haki ya kununa. Tena wengine tunawaharibia wenzetu. Unakaa miezi minne bila kulipa, usiku unaruka ukuta na godoro, halafu kesho mama anaapa hatapangisha tena kijana wa kabila lako. Kosa umefanya wewe, faini analipa mwenzako.

Tofauti ni hii: akuulize utakachofanya, asikuulize ulikozaliwa.

TUNADAI NINI?

Hatudai maajabu. Tunadai sheria ya upangaji irudi, iliyorekebishwa, isiyomuua mwenye nyumba wala kumuua mpangaji. Iwe na kifungu kimoja kinachomkataza mwenye nyumba na dalali kumnyima mtu chumba au kumpandishia kodi kwa sababu ya kabila, dini, mkoa au nchi alikotoka. Iweke kikomo cha kodi ya mkupuo, maana miezi sita kwa mtu wa kipato cha siku ni ukuta, na nyuma ya ukuta huo ubaguzi unajificha vizuri. Na imwambie mwenye nyumba waziwazi kwamba akikagua kitambulisho au kibali na kumwandikisha mpangaji mtaani, hana kosa.

Wewe kijana ufanye nini? Mbunge wako akija kuomba kura, usimuulize barabara peke yake. Muulize atasema nini bungeni juu ya mpangaji. Kwenye mkutano wa mtaa nyanyua mkono, omba wenye nyumba waelezwe habari ya nakala na kuandikisha. Hilo halisubiri Bunge, mwenyekiti anaweza kulifanya Jumapili ijayo. Ukiwa dalali, acha kuwafundisha watu kukana kwao.

Maana nikubali mbele yenu jambo ambalo sijalisema. Nililala wiki tatu kwa rafiki, watu wanne chumba kimoja. Nyumba ya nne niliyokwenda, nilipoulizwa, nilisema natoka Tabora. Nikapata chumba. Nikakaa humo miezi kumi na minne. Mama yangu akipiga simu kutoka Kasulu nilikuwa natoka nje, naenda mpaka kule mtoni, kwa sababu mama hajui Kiswahili kingi na tunaongea Kiha. Siku moja aliniuliza, "Mbona kila nikikupigia nasikia maji?" Nikamdanganya na yeye.

Kodi nililipa kila senti. Lakini na hiyo nayo ilikuwa kodi, na hakuna aliyenipa risiti.

Sasa nimehama, na nilipohamia nilisema kweli. Mzee mwenye nyumba alitazama kitambulisho, akachukua nakala, akanipeleka kwa mwenyekiti, yakaisha. Dakika ishirini tu. Kwa hiyo inawezekana, ndugu yangu. Inawezekana hata bila sheria, kwa mtu mwenye moyo. Sheria tunaidai kwa ajili ya siku utakapomkuta asiye nao.